Shajara ya mradi: majani ya mpera, mbegu za mlonge na sumaku kwa maji ya batiki

Nafundisha kemia sekondari hapa Morogoro. Nyuma ya nyumba niliyopanga kuna akina mama wanane wanaotengeneza batiki na vitambaa vya kufunga (vinavyofungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi), na Jumamosi ndiyo siku yao ya kusuuza. Wiki hii maji kwenye mtaro ni mekundu, wiki ijayo ya zambarau. Mtaro unaingia Mto Morogoro, Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Sitaki kikundi kifungwe. Sare na madaftari ya baadhi ya watoto ninaowafundisha yanatoka kwenye vitambaa hivyo. Ninachotaka ni rangi ibaki kwenye beseni.

Wazo lenyewe ni hili. Magnetaiti ni oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku. Ukiitengeneza kwa chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), gramu moja inakuwa na uso mpana mno wa kunasia rangi. Kazi ikiisha huhangaiki na kuchuja: unaweka sumaku ubavuni mwa ndoo, chembe zinakuja zenyewe na mzigo wao. Majani ya mimea yanatumika kuzivisha chembe ili zisigandamane na ziwe na kitu cha kushikia rangi. Naandika kila hatua, hasa zilizoharibika, ili mwalimu mwingine au kikundi kingine kianzie nilipofika, kisianzie nilipoanzia mimi.

Jumamosi, 11 Januari 2025: manunuzi

Feri kloraidi gramu 500, ile ambayo mafundi wa redio wanachongea bodi za saketi, nimeipata Kariakoo kwa shilingi 45,000. Feras salfeti gramu 500, ya kijani, 25,000. Zote mbili ni chumvi za chuma. Kostiki soda kilo moja 6,000. Maji ya betri lita 10, 15,000. Karatasi za pH (kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake asidi, juu yake ukali kama wa kostiki) na glavu 12,000. Sumaku mbili zenye nguvu nimezing'oa kwenye diski za kompyuta zilizokufa, fundi kaniuzia 5,000. Jumla 108,000. Majani ya mpera ni bure, mti uko uani.

Tahadhari moja kwa atakayefuata: dukani jina "maji ya betri" linatumika kwa maji safi yaliyokenekwa na pia kwa asidi ya betri. Fungua chupa, chovya karatasi ya pH kwanza, ndipo ulipe.

Jumapili, 19 Januari: nimepata wino

Nilichemsha gramu 10 za majani makavu ya mpera yaliyosagwa kwenye mililita 200 za maji, nyuzi 80, nusu saa, nikachuja. Mchemsho ni wa kahawia kama chai ya rangi. Nikaumimina moja kwa moja kwenye mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma, na papo hapo kila kitu kikawa cheusi tii. Nikashangilia. Nikaweka sumaku ubavuni mwa bika, nikasubiri dakika kumi, ishirini, saa nzima. Hakuna hata chembe iliyosogea.

Weusi ule haukuwa magnetaiti. Ulikuwa muungano wa chuma na tanini za majani (zile zinazokausha mdomo), kitu kilekile kilichotumika Ulaya kwa karne nyingi kama wino wa kuandikia. Na mtu yeyote aliyekata embe bichi kwa kisu cha chuma kisicho cha pua ameuona ukibaki kwenye makali. Nalisisitiza hili kwa sababu ni rahisi sana kudanganyika: mchemsho wa majani ukikutana na chumvi ya chuma utakupa weusi kila mara. Usiandike "nimefanikiwa" kabla sumaku haijakubali.

Jumamosi, 25 Januari: kahawia badala ya nyeusi

Leo nimebadili mpangilio. Chumvi za chuma kwanza, kisha kostiki soda, majani baadaye. Magnetaiti inahitaji chuma cha aina mbili kwa uwiano maalumu: sehemu moja ya feras kwa sehemu mbili za feri. Nilipima vizuri, nikakoroga kwa nguvu kwa mchapo wa mayai, na nikapata tope la kahawia linalovutwa na sumaku kivivu, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.

Makosa yalikuwa mawili na yote yana mzizi mmoja, hewa. Kwanza, chumvi yangu ya feras ilikuwa na vumbi la njano juu ya fuwele, yaani sehemu yake ilikwisha kugeuka feri ikiwa kwenye kopo. Pili, mchapo uliingiza hewa nyingi na kuigeuza iliyobaki. Uwiano wa moja kwa mbili niliupima kwenye mizani tu, ndani ya bika haukuwepo.

Marekebisho: kuchemsha maji dakika kumi na kuyapoza yakiwa yamefunikwa, kusuuza fuwele za kijani haraka ili vumbi la njano litoke, kuongeza feras kidogo zaidi ya hesabu, na kukoroga taratibu kwa kijiti cha kioo.

Jumamosi, 1 Februari: nyeusi ya kweli

Kipimo kilichofanya kazi: feri kloraidi gramu 5.4, feras salfeti gramu 3.0 (hesabu inataka 2.8), ndani ya mililita 100 za maji yaliyochemshwa, nyuzi 70. Kostiki soda iliyoyeyushwa inadondoshwa tone kwa tone hadi karatasi isome pH 11, ambapo gramu 3.5 hivi zinatosha. Weusi unaingia ghafla. Acha nusu saa motoni, suuza kwa maji mara nne, kisha mimina mililita 50 za mchemsho wa mpera, koroga nusu saa nyingine, suuza tena mpaka maji ya juu yasiwe na rangi ya chai. Kwangu ilikuwa mara tano. Nilikausha fungu moja ili kupima uzito nikapata gramu 2.1, kwa hesabu ilitakiwa 2.3.

Sumaku ilipokaribia, tope lote liliruka ukutani mwa bika. Wanafunzi wawili waliokuwa wakinisaidia walipiga kelele hadi jirani akaja.

Fungu la kwanza niliharibu mwenyewe kwa haraka. Nilichovya sumaku uchi ndani ya tope, na chembe ziliishika kiasi kwamba nusu yake sikuweza kuibandua. Tangu siku hiyo sumaku inavaa kidole cha glavu. Ukitaka kuachia mzigo, vuta sumaku itoke ndani ya kidole, chembe zinaanguka zenyewe.

Jumamosi, 15 Februari: jaribio la buluu

Karibu kila anayefanya kazi hii anajaribu kwanza kwa methilini buluu, rangi ya maabara, nami nikafuata. Mililita 100 za maji yenye miligramu 20 kwa lita, gramu 0.1 ya chembe, saa moja, halafu sumaku. Rafiki mwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima rangi kwa mwanga, alinisomea kwenye nanomita 664, mahali rangi hii inapofyonza mwanga zaidi.

Chembe zilizovikwa mpera na kuachwa mbichi kama uji ziliondoa asilimia 92, zikabaki miligramu 1.6 kwa lita. Chembe zilezile zilizokaushwa na kusagwa ziliondoa asilimia 67. Chembe zisizo na majani kabisa, asilimia 41.

Namba hizo zilinifundisha mambo mawili. Kukausha kunazigandamanisha, na kuzisaga hakuzirudishi zilivyokuwa. Zaidi ya hapo, unga mkavu wa chembe ndogo kiasi hiki hautakiwi kuvutwa puani, kwa hiyo mimi sikaushi tena, natunza uji kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni. Jambo la pili, majani hayatengenezi sumaku. Sumaku inatengenezwa na chumvi za chuma na kostiki soda. Kazi ya majani ni vazi: polifenoli zake (kundi la tanini zile) zina chaji hasi, methilini buluu ina chaji chanya, vinashikana. Niliifurahia sana siku hii. Sikujua kuwa jibu la matatizo yangu ya miezi mitatu iliyofuata lilikuwa kwenye sentensi hiyohiyo.

Jumamosi, 1 Machi: maji yenyewe

Nilikwenda kwa akina mama na ndoo ya lita 20. Nikajaza maji ya beseni la buluu, yale yaliyokwisha kazi. Karatasi ya pH ilikwenda hadi mwisho wa kipimo, zaidi ya 12. Nikatia chembe kwenye chupa moja mbele yao, nikatikisa, nikasubiri, nikaweka sumaku. Chembe zilikuja. Maji yalibaki buluu, na sasa yalikuwa na ukahawia juu yake.

Mama mwenyekiti aliishika chupa akaitazama kwenye jua. "Mwalimu," akasema kwa upole, "hii dawa yako mbona inachafua zaidi?"

Alikuwa sahihi. Kwenye maji makali namna ile vazi la mpera linavuliwa na kuyeyuka, ndio ule ukahawia.

Nikadhani dawa ni kushusha pH hapohapo, nikamimina siki. Hili ni kosa la hatari, na naomba asilirudie mtu. Maji ya batiki yana haidrosulfaiti, ile "haidro" wanayoyeyushia rangi, na ikikutana na asidi inatoa hewa ya salfa dayoksaidi. Koo lilinibana, macho yakachuruzika, mama mmoja mwenye pumu ikabidi aondolewe haraka upande wa upepo. Alipata nafuu baada ya kupumzika. Niliwaomba radhi wote, na wiki iliyofuata sikugusa chupa yoyote.

Jumatatu, 10 Machi: walilokuwa wakilijua wao

Chupa moja ya Machi 1 nilikuwa nimeisahau dirishani bila kifuniko. Leo nimeikuta maji ya juu yamefifia mno na chini kuna tabaka zito la buluu, laini kama vumbi la mkaa. Hakuna aliyetia kitu.

Nikaenda nayo kwa mama mwenyekiti. Hakushangaa. Akanivuta hadi kwenye beseni, akainua kitambaa kutoka kwenye rangi kwa kijiti. Kilitoka na rangi ya majani yaliyonyauka. Akakitandaza kwenye kamba, na kabla hajamaliza kubana vibanio pembe zilikwisha kuanza kuwa buluu, buluu ikatembea kuelekea katikati, mpaka kitambaa kizima kikawa rangi niliyoizoea sokoni. "Hii rangi inarudi kwa hewa," akasema. "Siku zote."

Kikemia maana yake ni hii: rangi za aina hiyo haziyeyuki kwenye maji. Kostiki na haidro ndizo zinazoziyeyusha kwa muda ili ziingie kwenye uzi, na oksijeni ya hewani inazirudisha kuwa chembe zisizoyeyuka. Zikisharudi zinatuama zenyewe. Nimefundisha oksidisheni miaka tisa na sikuwahi kuiona ikipita juu ya kitambaa namna ile. Laiti ningekaa kwenye kigoda nikaangalia kazi yao siku moja tu mwezi Januari, ningeokoa majuma matatu.

Jumamosi, 22 Machi: pipa la wazi

Pipa la lita 200 lililokatwa mdomo, 35,000. Maji yote ya rangi za haidro yanaingia humo, yanakorogwa kwa mti mpana asubuhi na jioni kwa siku mbili, yanaachwa yatuame siku ya tatu, kisha maji ya juu yanatolewa kwa bomba lililotobolewa sentimita 15 kutoka chini. Hewa inamaliza na haidro pia, kwa hiyo hatari ya ile hewa kali inaondoka. Pipa moja lilitoa tope la lita nne hivi. Hakuna chembe za nano hapa kabisa, na hii ndiyo hatua iliyoondoa rangi nyingi kuliko zote kwenye mradi wangu.

Masika yameanza. Mvua ya kwanza ilifurisha pipa likamwaga kila kitu. Tumeweka bati juu yake, limeinuliwa kwa matofali manne ili hewa ipite.

Jumamosi, 12 Aprili: nyekundu haitaki

Kinachobaki ni maji ya vitambaa vya kufunga, rangi za maji baridi zinazotiwa na magadi soda na chumvi. Hizi haziogopi hewa. Zimeyeyuka na zitabaki zimeyeyuka. Chembe zangu za mpera, zilizoondoa asilimia 92 ya methilini buluu, ziliondoa asilimia 11 ya nyekundu.

Sababu ndiyo ile sentensi ya Februari. Rangi hizi zina chaji hasi. Vazi la mpera lina chaji hasi. Zinasukumana. Nilijipimia ushindi kwa rangi ambayo hakuna mama hata mmoja anayeitumia. Anayefuata shajara hii aanze na maji yaliyomo kwenye ndoo ya mtu, hata kama ni machafu, hata kama hayana namba nzuri ya kuanzia. Methilini buluu itamwonyesha tu kwamba chembe zake ziko hai.

Nimefikiria mlonge. Sudani, wanawake wa kando ya Mto Nile wametumia mbegu za mlonge kusafisha maji ya tope, na kinachofanya kazi ndani yake ni protini ndogo zenye chaji chanya. Kama mpera ni vazi la kukamatia buluu ya maabara, mlonge uwe vazi la kukamatia nyekundu ya mtaani.

Jumamosi, 26 Aprili: limau limeniangusha

Sikukuu ya Muungano, nimeshinda uani.

Mbegu zimemenywa, zimetwangwa, zimelowekwa kwenye maji ya chumvi nusu saa kwa sababu protini hizi zinatoka vizuri zaidi kwenye chumvi, zimechujwa kwa kitambaa. Mchujo unaonekana kama maziwa yaliyoongezwa maji. Chembe nyeusi zisizo na majani zinakorogwa humo saa moja, kisha zinasuuzwa mara tatu.

Maji ya kusuuzia vitambaa yalikuwa na pH 10.5. Protini ya mlonge inapoteza chaji yake chanya huko juu, kwa hiyo lazima pH ishuke hadi karibu 7. Malimau yapo tele, nikakamua. pH ilishuka vizuri, povu likapanda kutokana na magadi, nikatia chembe, na rangi haikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea kuvisha.

Kosa lilikuwa limau. Asidi yake ya sitriki inaupenda uso wa chuma kuliko kitu kingine chochote nilichotia humo. Inawahi viti vyote kabla rangi haijafika. Nilipobadili kwa siki nyeupe ya dukani, asidi dhaifu isiyong'ang'ania chuma, chembe zilezile kwa kipimo cha gramu 1 kwa lita ziliondoa asilimia 62 ya wekundu kwa saa moja. Kwa gramu 2 kwa lita, 81. Ndoo ya lita 20 ilikula mililita 400 za siki.

Tulijaribu pia maji ya beseni la kwanza, lile lenye chumvi nyingi. Yalikataa. Chumvi inafunika chaji za pande zote mbili, mvutano unapotea. Hivyo chembe ni za maji ya kusuuzia tu. Beseni la kwanza ni maji machache, tunayaachia jua kwenye karai pana lililowekwa juu ya bati.

Jumamosi, 10 Mei: harufu

Uji wa chembe za mlonge nilioutengeneza Jumanne umeoza. Ni protini, ningetegemea nini. Sasa chembe nyeusi zinatunzwa tupu, na mlonge unatwangwa asubuhi ya siku ya kazi. Maji ya kusuuzia chembe nayo yasimwagwe mtoni, protini iliyobaki humo inaozesha maji. Tunamwagia migomba.

Jumamosi, 24 Mei: je, sumaku inahitajika?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: kama mlonge ndio unaonasa, chuma cha nini? Ni swali la haki. Tukapanga ndoo tatu za maji mekundu yaleyale, pH 7: moja mlonge peke yake, moja shabu, moja chembe zilizovikwa mlonge.

Mlonge peke yake uliondoa asilimia 55, lakini ulihitaji usiku kucha kutuama, na vipande vyake vyepesi vilipanda juu kila ndoo ilipoguswa. Shabu ilifanya vizuri zaidi kidogo na kuacha tope jingi la majimaji, karibu lita mbili. Chembe ziliondoa asilimia 79, na sumaku ilimaliza kazi kwa dakika nne, tope likiwa ujazo wa kikombe cha chai.

Maoni yangu ni kwamba kikundi chenye uwanja na nafasi ya mapipa kinaweza kwenda na mlonge na subira. Kikundi hiki kina uwanja wa hatua kumi kwa sita na ndoo zinahitajika kesho yake. Hapa sumaku ina maana.

Jumamosi, 14 Juni: bei

Ndoo ya lita 20 inahitaji gramu 40 za chembe. Kwa hesabu ya Februari (si mavuno halisi) hiyo ni feri kloraidi gramu 93 na feras salfeti gramu 48 hivi, yaani takriban shilingi 11,000 kabla ya siki. Nilimwonyesha mama mwenyekiti hesabu. Hakusema kitu, alinirudishia karatasi.

Nikatafuta njia isiyo na feri kloraidi. Feras salfeti ya duka la pembejeo, ile ya mazao yenye upungufu wa chuma, ni 12,000 kwa kilo. Ukiitia kostiki unapata tope la kijani kichafu, na hewa ikiligeuza kwa kiasi linakuwa magnetaiti. Mara ya kwanza niliacha lipulizwe usiku kucha kwa pampu ndogo ya tangi la samaki, bila moto. Asubuhi nilikuta njano-kahawia, kutu tu, sumaku haikuitambua. Mara ya pili nililiweka kwenye sufuria juu ya mkaa, nyuzi 85 hadi 90, pH juu ya 10, nikikoroga kwa mkono saa moja na nusu. Likapita kijani, kijivu, kisha jeusi. Sumaku ikalichukua lote.

Gramu 40 sasa zinakula gramu 144 za chumvi hiyo na kostiki gramu 41 hivi, jumla chini ya 2,000. Chembe hizi ni kubwa zaidi, kwa hiyo pale nilipopata 81 sasa napata 70. Nimekubali.

Jumamosi, 5 Julai: kutumia tena

Chembe zilizojaa rangi zinakorogwa kwenye nusu lita ya maji ya kostiki yenye pH 11. Rangi inaachia, na vazi la mlonge linaachia pamoja nayo. Suuza, visha upya, tumia tena. Mzunguko wa kwanza asilimia 70, wa pili 66, wa tatu 52. Baada ya hapo nachanganya na chembe mpya.

Rangi haijafutika, naliandika hili waziwazi. Imehama kutoka lita 20 kwenda nusu lita. Ile nusu lita inakauka juani kwenye karai, na ukoko wake, pamoja na tope la pipa lililokaushwa, unawekwa kwenye kopo la rangi lenye mfuniko. Makopo matatu yamejaa. Hayachomwi wala hayafukiwi karibu na mtaro. Yapo stoo kwangu yakiwa na lebo, na bado natafuta mahali panapopokea taka za namna hii kihalali.

Jumamosi, 26 Julai: mchicha

Wanafunzi walipanda mbegu 50 za mchicha kwenye kila sahani kati ya tatu, juu ya pamba. Sahani ya maji ya bomba ziliota 44. Ya maji mekundu yasiyoguswa, 9. Ya maji yaliyopita kwenye chembe, 31. Miche ya sahani ya tatu ni mifupi na vijimizizi vyake vina ncha za kahawia, nadhani ni chumvi iliyobaki. Wiki ijayo tunarudia kwa kuyachanganya maji hayo nusu kwa nusu na ya bomba.

Mama mwenyekiti alikuja kuziona sahani. Aliinama muda mrefu juu ya ile ya pili, yenye mbegu tisa. Kisha akauliza ndoo ya Jumamosi ijayo nitaitaka saa ngapi.